Nilivyopeleka Mgao wa Jules Street Kwenye Barafu

Tangu nirudi sijapata nafasi ya kukaa kimya. Kila anayeingia karakanani kwangu, awe ameleta jenereta au hana hata betri ya tochi, anataka kusimuliwa. Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila nikisimulia mtu anaongeza la kwake. Juzi nimesikia huko Troyeville wanasema nilikutana na dubu mweupe tukapeana mikono. Basi naandika mara moja, anayetaka asome. Dubu sikumwona. Na habari za viza na makaratasi sizigusi, kila mmoja wetu anazijua na zinaudhi.

Kwa asiyenifahamu, naitwa Mwanaidi, wengi mnaniita Mama Zuhura, mzaliwa wa Tanga. Marehemu baba alikuwa mwangalizi wa injini kwenye kiwanda cha mkonge, na mimi nilishika spana kabla sijajua kupika wali ukaiva vizuri. Hapa Malvern, Johannesburg, nina karakana ya jenereta kwenye Jules Street, mwaka wa ishirini na kitu sasa. Kuna aina moja ya injini kubwa ya dizeli ambayo migodi ya huku iliitumia sana, na kiwanda kilichoiunda kilishaacha zamani. Mafundi wanaoijua mpaka ndani wamebaki wachache. Mimi ni mmoja wao, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo.

Mhandisi mmoja wa Kanada, aliyewahi kufanya kazi migodini huku, ndiye aliyenipigia simu. Alisema kuna kijiji kaskazini kabisa mwa nchi yao. Barabara haifiki, na hakuna waya wa umeme unaotoka mahali pengine. Wana injini tatu tu. Moja imeungua. Ya pili ndiyo inayobeba kijiji kizima, inavuja mafuta, na haiwezi kuzimwa itengenezwe kwa sababu hakuna ya kuipokea. Ya tatu ni ile ninayoijua mimi, imelala miaka kadhaa. Ikishindikana kuiamsha, wazee na wagonjwa watapakiwa kwenye ndege na kupelekwa kusini, mbali na kwao, kabla ile iliyochoka haijawazimikia kwenye baridi.

"Tumeshawauliza mafundi wengi," alisema. "Wote wanatushauri tununue mpya. Mpya italetwa na meli kiangazi, bahari ikiyeyuka."

Nikamwambia aniambie tu lini.

Kutoka Malvern

Mama Beya, msusi wa Lubumbashi ambaye saluni yake inapakana na karakana yangu, aliposikia aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa akaja kusimama mlangoni.

"Mama Zuhura, kule kuko baridi ya kuua bantu," alisema. "Ukikufia kule, siye tutakulilia wapi?"

"Mtanililia hapa hapa, na mteja wako atakuwa bado hajamaliziwa."

Binti yangu Zuhura, ambaye Kiswahili anakielewa chote na hakisemi, alishangaa kwa Kizulu, "Haibo, Ma," kisha akaniambia kwa Kiingereza kwamba makoti yangu yote mawili hayatoshi. Alikuwa sahihi, lakini kwa wakati ule sikumkubalia.

Kitu kimoja sikukiachia mzigo wa chini wa ndege, nacho ni gavana, kile kifaa kinachopima mwendo wa injini ili isikimbie wala isilegee inapobebeshwa mzigo. Nilikuwa nimekifumua na kukiunda upya juu ya meza yangu, wiki mbili nzima. Nikakifunga kwenye kanga nikakipakata. Pale kwenye ukaguzi mashine ilionyesha bonge la chuma lenye chemchemi ndani, wakaitana wakubwa watatu. Watatu wote walikiangalia kwa mbali. Kijana mmoja mkaguzi akasogea, akakigeuza, akacheka.

"Eish, mama! Baba yangu alikuwa mgodini. Kitu kama hiki kilikuwa kinashikia mlango wetu usifunge."

Sikupenda kusikia kwamba gavana nzima ilitumika kushikia mlango, lakini alinipitisha. Nikamwambia sharp, yaani poa, nikaenda zangu.

Mji wa kusubiri

Baada ya ndege mbili kubwa nilifika mji wa mwisho wenye barabara, nikaambiwa ndege ndogo haiendi leo kwa ajili ya dhoruba. Kesho yake wakasema hivyo hivyo. Nilikaa siku nne. Kila asubuhi tulikwenda uwanjani na mizigo, tukakaa, tukarudi hotelini.

Humo ndimo nilimokutana na mama mmoja wa kijiji kile kile, mnene, mchangamfu, aliyebeba maboksi sita ya kuku wa kukaanga. Nilidhani ana biashara. Kumbe ndiyo zawadi yao: anayetoka mjini hawezi kurudi bila kuku, kama sisi tunavyodaiwa halua na ndugu tukienda Tanga. Aliwahifadhi kuku wale nje ya dirisha la chumba chake, kwenye theluji. Kila jioni alinipa kipande, na kila jioni nilimweleza kwamba mimi ni Mwislamu na sijui kuku huyo alichinjwaje. Siku ya nne aliniletea samaki, alimtafuta mwenyewe mji mzima. Nilimshukuru mpaka akaona haya.

Kuhusu swala, maana najua mtauliza. Kule juu wakati wa baridi jua halichomozi kabisa. Nilimpigia sheikh wetu, naye akaniambia nifuate saa za mji wa karibu ambao bado una mchana na usiku. Nikaziandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la spana.

Kijijini, na gari la maji

Tulitua saa nane mchana, gizani, taa za uwanja zikiwa mstari mmoja mwembamba. Baridi ilikuwa digrii arobaini chini ya sifuri. Nikivuta pumzi, vinyweleo vya puani viligandana. Alinipokea Levi, mwendeshaji wa mitambo, mtu wa makamo, mpole, anayeongea polepole. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya kumjibu yeyote atakayeshangaa fundi kuwa mwanamke. Levi alinipa koti zito, akauliza kama nimekula, basi. Hotuba ile ninayo mpaka leo.

Nyumba ya Levi imegusana na jengo la injini. Alisema hawezi kulala mahali asiposikia ile sauti, kwani ikibadilika kidogo tu anaamka. Miaka minne hajasafiri hata siku moja. Mama yake, Bibi Elisapi, anaishi naye. Ni bibi wa miaka themanini na zaidi, anapumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni inayotumia umeme, na kila asubuhi anakwenda na mtungi mdogo wa hewa hiyo kusoma matangazo kwenye redio ya kijiji. Jina lake ndilo lililokuwa la kwanza katika orodha ya watakaotolewa kwa ndege.

"Nilipelekwa kusini mara moja, nikiwa msichana, kwa kifua kikuu," aliniambia usiku ule, Levi akitafsiri. "Sikurudi mpaka nilipoisahau sura ya mama yangu. Siendi tena."

Nilimwambia nitafanya kazi.

Asubuhi yake, kabla sijaigusa injini, niliharibu jambo. Nilitoka nje nikaona lori kubwa linanguruma peke yake, mlango haukufungwa, ufunguo umo. Hakuna mtu. Jamani, mimi ni wa Jules Street! Nilijua dereva kajisahau na kwamba dakika tano zijazo lori hilo litakuwa limeshapakwa rangi nyingine. Nikapanda, nikazima, nikachukua ufunguo, nikaenda mlango hadi mlango kumtafuta mwenyewe nimfanyie wema. Ilinichukua kama saa nzima.

Kumbe ndilo gari la maji, linalojaza tangi la kila nyumba, na kule gari halizimwi tangu baridi ianze mpaka iishe. Dereva alikuwa ndani anakunywa chai. Injini iliganda, bomba likaganda, na kijiji kizima kilikaa siku hiyo bila maji. Nilitamani ardhi inimeze, ila nayo ilikuwa barafu. Dereva alinitazama, akautazama ufunguo, akacheka mpaka akakaa chini. Jioni Bibi Elisapi alitangaza redioni kwamba fundi aliyetoka Afrika ameshaanza kazi, na kwa sasa amewalinda wasiibiwe maji.

Jengo la injini

Siku nne nilifanya kazi na Levi bega kwa bega. Injini namba tatu ilikuwa na vumbi, haikuwa na ugonjwa. Nilisafisha, nikabadilisha mipira iliyokakamaa, nikafunga gavana. Mchana tulikula samaki mbichi aliyeganda, anakatwa vipande vyembamba unachovya kwenye sosi ya soya. Mara ya kwanza nilimeza kwa adabu. Mara ya tatu niliomba. Mimi nikawapikia mahamri kwa iliki niliyotoka nayo, na Levi alikula sita akiwa amesimama.

Siku ya nne tuliiwasha bila mzigo. Iliitika mara ya pili tu, ikatulia, ikaimba. Levi aliweka kiganja kwenye ubavu wake. Nilitaka siku mbili zaidi za kuizoesha mzigo kidogo kidogo. Hatukuzipata.

Saa tano asubuhi, gizani

Nilikuwa chini ya injini yangu nakaza bolti niliposikia ile nyingine imebadilisha sauti. Levi alikuwa ameshaweka kikombe chini. Shinikizo la mafuta lilianguka, naye akaizima kwa mkono wake kabla haijanoki na kukwama kabisa. Kukawa kimya. Levi alisimama katikati ya ukimya ule kama mtu aliyevuliwa nguo.

Uongozi wa kijiji ulipiga simu kusini pale pale, ndege iandaliwe. Nyumba za kule zinapashwa moto na matanuri ya mafuta, lakini bila umeme pampu na feni zake hazizunguki, na baada ya saa chache mabomba yanapasuka. Bibi Elisapi alikuwa redioni, ambayo ilikuwa na betri yake. Mtungi wake ulitosha mpaka jioni.

Tukawasha namba tatu. Injini zile kubwa huwashwa kwa hewa iliyoshindiliwa kwenye chupa, na mashine ya kujaza chupa inataka umeme. Hewa yetu ilitosha mara tatu. Levi aliunganisha kijiji kizima kwa mkupuo, kama alivyozoea siku zote. Injini iliguna ikazimika. Mara ya pili akaunganisha laini moja tu kati ya tatu zinazogawa umeme kijijini. Ikazimika tena.

"Injini yako haiwezi," alisema.

"Injini haina kosa!" Nilimfokea, na naomba msamaha wake hapa kwa maandishi. "Kosa ni la nyumba zenu. Zote zimepoa pamoja, zote zinadai moto pamoja. Hakuna injini mpya itakayobeba hivyo, sembuse bibi kizee huyu wa chuma."

Hapo ndipo niliposikia kichwani mwangu miaka yote ya mgao wa umeme. Mnaikumbuka. Wengi wetu tuliona aibu hata kuitaja kwa ndugu wa nyumbani, kwamba tuko Johannesburg na tunapika kwa mshumaa. Miaka ile nilikuwa na jenereta moja kuukuu kwenye ghorofa moja la mtaa wa Observatory, familia arobaini, na kila umeme ulipokatika niliona kitu hiki hiki: nikiwasha tu, birika arobaini na hita arobaini zinairukia, inakufa. Niliwafundisha watu wale kuzima kila kitu, kisha niwaite kwa zamu, ghorofa kwa ghorofa. Walinitukana kwa lugha saba. Lakini taa ziliwaka.

Nilimweleza Levi. Alisema watu wake hawajawahi kuambiwa hivyo, lakini hatuna njia nyingine. Akaichukua redio ya mkononi akamweleza mama yake, naye akawatangazia waliomsikiliza kwenye redio za betri: kila nyumba izime swichi kuu na isubiri kuitwa. Wataanza wa laini ya juu, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Wakishatulia itafuata ya dukani, na mwisho ya ufukweni, wanakokaa wazee wengi, yenye shule na zahanati na nyumba ya Levi, ambayo ni nzito.

Nikafungua hewa ya mwisho. Injini ikashika. Levi akaunganisha laini ya juu, Bibi Elisapi akaita nyumba kumi za kwanza. Mimi nikasimama mbele ya mita ya mzigo nikiwa nimekaza meno, nimejiandaa kwa wajanja. Nilihesabu kumi watakaoitwa na ishirini watakaojipenyeza.

Mshale haukusogea.

Tukaita nyumba kumi nyingine. Haukusogea. Nilijua waya umekatika mahali. Levi akatoka mbio kwa pikipiki ya theluji. Injini ile haiwezi kukaa ikizunguka bila mzigo kwenye baridi kama ile, inajichafua na kupoa, na bila kupata moto wa kazi isingeweza kuibeba laini ya ufukweni.

Levi alirudi na barafu kwenye nyusi.

"Waya ni mzima, haujakatika," alisema. "Wamekaa gizani na makoti. Nimeingia nyumba tatu. Wote wanasema wao wanaweza kuvumilia, waanze wazee."

Jamani. Nilijiandaa kwa wajanja, nimekuta watu wanaosukumiana umeme kama wageni wanaosukumiana kiti. Machozi yalinitoka, na papo hapo hasira ikanipanda, kwa sababu wema ule ulikuwa unamuua Bibi Elisapi.

Nilinyakua redio ya mkononi nikamshikisha Levi. "Mwambie mama yako awaambie wawashe! Wawashe kila kitu! Birika, taa, televisheni! Injini haiwezi kuwabeba wazee mpaka wao waipashe moto!"

Levi akatafsiri. Upande wa pili tulimsikia Bibi Elisapi akicheka, kicheko chembamba chenye pumzi fupi. Kisha akasema hewani maneno machache.

"Amesema nini?" niliuliza.

"Amesema, leo fundi anataka muwe walafi. Kila mnachokula ninyi kinanisogeza mimi kwenye zamu yangu."

Mshale ukatikisika. Ukapanda kidogo, ukasimama, ukapanda tena. Injini iliinama kwa mzigo, gavana yangu ikaishika, ikainuka. Kwa robo saa nzima tulikuwa tunausoma mshale tu. Tukafuatisha laini ya dukani, nyumba kumi kumi, nao walikuwa wameelewa, waliwasha kama watoto wa sikukuu. Saa tisa kasoro tukaunganisha ufukwe. Injini ilitoa moshi mzito mara moja, ikatulia. Dereva wa gari la maji alikuwa ameshamrudisha Bibi Elisapi nyumbani, na kupitia ukuta tulisikia mashine yake ya oksijeni ikianza kuhema.

Niliswali pale pale kando ya injini, juu ya gunia. Nisiwafiche, nilijivuna. Nilijivunia mikono yangu, nikamjivunia baba, nikaijivunia Malvern yote na mgao wake.

Kurudi

Namba tatu ilibeba kijiji siku tatu mfululizo, na ndani ya siku hizo Levi nami tuliifungua ile iliyochoka, tukabadilisha pampu ya mafuta, tukaifunga. Usiku wa tatu Levi alilala mfululizo mpaka asubuhi, na mama yake akakataza mtu yeyote kumwamsha.

Kusini hawakuamini. Walipigiwa simu wakaambiwa injini ya zamani inafanya kazi, wakadhani ni ukaidi wa wazee, na hali ya hewa ilipokubali wakaituma ndege hivyo hivyo. Ilitua kijiji kizima kikiwa kinang'aa. Nilipanda nayo, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Bibi Elisapi alikuja uwanjani na mtungi wake, akanivisha mwenyewe mifuko ya mikono ya manyoya, akaniambia kwa Kiingereza chake kidogo, "Nenda nyumbani. Mimi nipo nyumbani."

Ndani viti viliondolewa upande mmoja, pakawekwa machela na mablanketi yaliyokunjwa vizuri. Muuguzi alisimama mlangoni na orodha ya wazee kumi na mmoja, akachungulia nyuma yangu.

"Wengine wako wapi?"

"Wako majumbani kwao," nilimjibu. "Hapa ni mimi tu."

Aliziangalia zile taa za kijiji. Kisha akatoa kalamu akakata majina yote kumi na moja, moja moja, akianza na la Elisapi, na chini yake akaandika la kwangu.